Hita Zilizotoa Habari

Juzi, nyumbani kwa Mama Sifa kule Rosettenville, kusini mwa Joburg, nilijikuta nimeegemeza sikio ukutani. Sikukusudia. Nilikuwa nimekaa kwenye kochi, sahani tupu mapajani, nasubiri chakula kama mgeni yeyote mwenye adabu zake, na sikio langu la kushoto likaondoka lenyewe likaenda kutafuta habari. Ilikuwa sherehe ya shukrani: Sifa, binti yake, amemaliza chuo kikuu, yule Sifa ambaye mimi nilimjua akiwa na mapengo, anaelewa Kiswahili chote na kukujibu kwa Kizulu. Nyumba ilijaa mpaka watu wakakalia mikono ya makochi. Musyoka, Mkamba wa Machakos ambaye siku hizi ni mtu wa benki kule Sandton na tumbo lake limepandishwa cheo pamoja naye, akaniona kutoka upande wa pili wa sebule akapasua kicheko. "Matriki! Buda, toa sikio hapo! Hii ni nyumba ya chini, haina mabomba. Hapo utasikia mchwa tu!" Vijana wakatugeukia, hawajui tunacheka nini. Mama Debora, aliyewekwa kwenye kiti cha heshima karibu na dirisha, hakusikia neno, lakini aliona sikio langu lilipokuwa akaelewa. Alifunika mdomo kwa leso na mabega yakaanza kucheza. Hapo nikasema moyoni, habari hii niiandike kabla hatujawa viziwi sote, maana Mama Debora mwenyewe siku hizi ukimsalimia anakwambia ni saa ngapi.

Jengo la mabomba, tulikoishi wote zamani, lipo Doornfontein hadi leo, ila limepakwa rangi, limejazwa wanafunzi, na mabomba yake yameng'olewa. Wakati wetu tuliliita Magodoro, kwa sababu ya duka la magodoro lililokuwa chini. Walilijenga watu walioogopa baridi: kila chumba kilikuwa na hita ya chuma chini ya dirisha, imesimama na mbavu zake nje kama ng'ombe aliyekonda, na kila hita ilishikwa na bomba nene kama paja lililoshuka ghorofa kwa ghorofa mpaka chumba cha chini ya ardhi, ambako boila moja kubwa lilikuwa likipika maji ya jengo zima. Boila lile lilikufa kabla hata mmoja wetu hajavuka mpaka wowote. Baba Sithole, msimamizi wa jengo, alikuwa akihifadhi mafagio yake ndani ya tumbo la boila hilo. Basi mabomba yakabaki matupu, makavu, yamelala kutoka chini hadi juu bila kazi, na chuma kisicho na kazi, ndugu zangu, hutafuta ya kufanya. Hita zile hazikutoa joto la kupasha hata kidole, lakini zilitoa habari. Mtu akipiga chafya ghorofa ya kwanza, wa ghorofa ya sita anamwambia pole. Nilisikia kijiko kikizungushwa kwenye kikombe cha chai na nikajua mle ndani kuna sukari kiasi gani. Najua mnasema natia chumvi. Haya, toeni nusu ya chumvi. Itakayobaki bado inatosha kupikia.

Nilikuwa na umri ambao wenzangu kule Kigoma walikuwa wanapeleka watoto shule, na mimi ndiyo kwanza najipeleka mwenyewe. Mchana nilipiga pasi kwenye karakana ya mafundi cherehani, suruali za watu nisiowajua, mpaka mvuke ukaninyoosha na mimi. Jioni nilikwenda shule ya watu wazima kutafuta cheti cha matriki, yaani cha kumaliza sekondari, na ndiyo maana jengo zima, kuanzia Baba Sithole hadi watoto, hawakuniita kwa jina lingine. Nilikaa kwa Mama Sifa, ghorofa ya nne, sehemu ya sebule iliyokuwa nyuma ya pazia la maua. Chumba changu kilikuwa kidogo hivi kwamba nikitaka kugeuka kitandani lazima kwanza nitoke nje. Lakini nilikuwa na meza. Meza ile haikuwa yangu, ilikuwa ya kila mtu na kila kitu: asubuhi chai, mchana Mama Sifa akitandaza nywele za kusukia wateja wake, jioni bugali, ugali wa kwao Kongo, na sombe ya majani ya muhogo na ndagala, dagaa wetu, waliokaangwa mpaka wanalia meno yakiwagusa, na vyombo vikiondolewa, sabuni ikipita, ilikuwa zamu yangu na hesabu zangu. Meza ilisimama bega kwa bega na hita. Kila nikikumbuka aljebra, naikumbuka na harufu ya mawese, na chini yake sauti za watu wanaogombana kuhusu taulo.

Mama Sifa mwenyewe alitoka Uvira, mwanamke mnene wa mwili na wa moyo, msusi, na mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya ya kanisa lao. Wasiojua kwaya hudhani sauti ya kwanza ndiyo wimbo. Sauti ya kwanza ni mtu anayeingia na viatu vipya, kila mtu anamwona. Sauti ya pili ni sakafu. Kiongozi wa kwaya alikuwa Mama Debora, Mbukavu, mwembamba, mkali kama wembe mpya, aliyekaa ghorofa ya tatu, moja kwa moja chini yetu, na kwaya ilifanya mazoezi kwake. Hao wawili walikuwa marafiki wa kusukana nywele kila Jumamosi na kulishana kila walichopika. Mmoja akionja chumvi, mwingine anakunywa maji.

Sasa, watu wanaosikiana namna ile hawawezi kuishi pamoja bila sheria, na Magodoro palikuwa na sheria moja tu, haikuandikwa popote na hakuna aliyeivunja. Mama Sifa alinieleza siku ya kwanza, kabla sijaweka begi chini: "Matriki, sikia muzuri. Kila kitu unasikia mu bomba, wewe haukusikia. Ukikutana na mutu ku ngazi, unamusalimia kama vile haujui kitu." Lakini ilikuwa halali kumjibu mtu kwa bomba lenyewe, na kwa kazi hiyo tulikuwa na vijiko. Pigo moja kwenye hita: kelele, punguzeni. Mapigo mawili: chakula kimeiva, mwenye njaa apande au ashuke. Zaidi ya hapo ilikuwa matusi, na kila mtu alikuwa na mapigo yake.

Musyoka alipohamia ghorofa ya sita, mwanafunzi wa chuo pale jirani, mrefu kama mlingoti wa simu, hakuna aliyemweleza sheria. Wiki ile ile akakutana kwenye ngazi na fundi viatu wa ghorofa ya pili akamshika mkono kwa huruma yote ya Ukambani: "Pole sana mzee, kwa yale mke wako alikuambia jana. Si kweli, wewe si mzembe." Yule bwana akasimama na mfuko wake wa viazi kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Jengo zima lilinyamaza kwa siku mbili. Watu walinong'ona, walikula bila kugusisha sahani. Mama Sifa alimwita Musyoka, akamkalisha mezani, akamlisha bugali mpaka akawa hawezi kukimbia, ndipo akamsomea sheria. "Sasa mathe, si mnaskizana tu?" Musyoka akauliza. "Tunasikiana," Mama Sifa akajibu, "ndio maana tuko tunaheshimiana. Kula."

Mtu akishajua kwamba bomba halina mwenyewe, ama anakuwa mtakatifu ama anakuwa mtundu. Musyoka hakupoteza muda kufikiria utakatifu. Alianza kwa kudondosha gololi kwenye tundu la hita yake, ikawa inashuka ghorofa zote ikilia kama treni iliyomezwa na nyoka. Kisha akatia simu yake ndani ya kopo la maziwa, akalifunga kwenye bomba, na jioni moja, watu wote wako mezani, jogoo akawika Magodoro. Akawika kila chumba. Nasema alitoka kwenye kuta. Sasa Mkenya yule alikuwa anatafuta kicheko tu. Hakufikiria kwamba jengo limejaa watu wa Kivu na Katanga na Kigoma, na kwetu jogoo anayewika jua limeshazama hajaja kutangaza harusi. Vijiko vilisimama hewani. Chini yetu nikasikia Mama Debora akisema, "Yezu!" na kiti kikaanguka. Baba Sithole, ambaye mkataba wake ulikataza mifugo, akaanza kupanda ngazi na fagio, akigonga kila mlango na kuuliza, "Iphi inkukhu? Kuku yuko wapi?" Watu wengine wakamfuata, mmoja ameshika kitunguu, kwamba atakapopatikana asichelewe. Walikagua makabati, walikagua chini ya vitanda, walimkagua mpaka mzee mmoja aliyekuwa anaoga. Mama Sifa hakuinuka. Aliweka kiganja juu ya hita, akatikisa kichwa, akainama akaziambia zile mbavu za chuma kwa sauti ya kwenda mbinguni: "Musyoka! Ile jogoo yako inakulaka chapati, niko namujua! Noeli tunamuchinja!" Halafu kutoka juu, kwa unyenyekevu mkubwa: "Sawa, mathe." Nilicheka mpaka nikaandika jibu la swali la tatu kwenye nafasi ya swali la tano.

Nayasimulia haya kwa furaha kwa sababu ulikuwa mwaka wa furaha. Watu husema walipokuwa maskini walikuwa na amani, na mara nyingi ni uongo wa watu walioshiba. Mimi sidai amani. Nadai kampani. Nikikosea hesabu nikajizaba kofi kwenye paja, kuna mtu chini aliguna. Nilipokuwa nakariri mashairi ya Kiingereza kwa ajili ya shule, mtu wa ghorofa ya tano alinisahihisha matamshi kwa kijiko. Siku hizi nina nyumba yenye kuta za kweli, na jirani yangu angeweza kufufuka nisijue kwamba alikuwa amekufa.

Kisha ikaja ile jioni ya umeme. Ulikuwa umekatwa kwa zamu, kama kawaida, na wasioishi Joburg hawajui kwamba umeme ukikatika, jengo linatoa pamba masikioni. Friji zinanyamaza, televisheni zinanyamaza, na bomba linabaki peke yake na watu. Mama Sifa alikuwa anasonga bugali kwenye jiko la gesi, mimi nimesogeza mshumaa karibu na kitabu. Kutoka chini, wazi kabisa kama mtu aliyeketi kwenye kiti cha tatu cha meza yetu, tukamsikia Mama Debora akiongea na mumewe. "Sauti ya Mama Sifa imechoka. Ku tamasha nitamuweka nyuma. Ule binti mupya ndiye ataimba ya pili." Mumewe akauliza, "Utamuambia?" Akajibu, "Nitamuambia kidogo kidogo."

Mwiko haukusimama. Hilo ndilo ninalolikumbuka. Uliendelea kuzunguka mle sufuriani, pole pole, duru baada ya duru, hata bugali ulipokwisha kuiva na kupita kuiva. Nilitazama kitabu changu kama mtu aliyepewa kitabu kitakatifu. Sheria ilinikataza kuwa nimesikia, na yeye ilimkataza vile vile, kwa hiyo tulikaa pale watu wawili ambao hawakusikia kitu, na Sifa mdogo akatazama uso wa mama yake, akanitazama mimi, akasema kwa Kizulu kwamba hataki kula. Baada ya chakula Mama Sifa alitoa blanketi la kitandani kwake, la sufi, zito, akaifunika hita kutoka kichwani hadi miguuni na kulibana kwa kamba. "Baridi iko naingilia hapa," akasema. Ilikuwa Julai, baridi ilikuwa inaingilia kila mahali, lakini sikubisha.

Kuanzia kesho yake Mama Sifa akawa na goti. Goti hilo halikuwahi kutajwa kabla. Lifti ilikuwa imekufa tangu zama za boila, na yeye alikuwa akipanda ngazi zile na ndoo kichwani huku anaimba; sasa ghafla hawezi kushuka ghorofa moja kwenda mazoezini. Alituma salamu kwa kwaya kwamba waendelee tu. Jumamosi Mama Debora alipanda kusukwa, akakuta mlango umefungwa na Mama Sifa yumo ndani, amekaa na kitana mkononi, hapumui. Alibisha mara mbili tatu, akashuka. Na Jumapili, tukiwa mezani, bila kuniangalia, Mama Sifa akaniambia, "Nimepata nyumba Rosettenville. Ya chini, haina ngazi. Mwisho wa mwezi wa nane tunahama. Nyumba yenyewe ni kidogo, Matriki. Utajitafutia."

Nilisema, "Sawa, mama." Mtihani ulikuwa unakuja, na nilikuwa nimekwisha kuona vyumba ambavyo mtu kama mimi angevipata: vitanda sita, balbu moja, na redio ya mtu asiyelala. Lakini nikiri kwamba usiku ule nyuma ya pazia langu sikuilia meza. Nililia, basi tuseme macho yalipata maji, kwa sababu ya ukimya uliokuwa ukitoka kwenye lile blanketi. Kama hawa wawili wangeachana, Magodoro lingebaki jengo tu. Na wangeachana kwa adabu kabisa, wakisalimiana kwenye ngazi, kila mmoja akishika sheria.

Nikapanda kwa Musyoka. "Mathe anahama kweli?" akauliza. Alikuwa anasikia kila kitu, alikaa juu kabisa, habari zote zilimpandia kama moshi. "Sasa tutado nini? Siwezi kumwambia kitu, sheria." Nikamwambia sheria inakataza kusema mlangoni, haikatazi kelele. Na sisi tulimjua Mama Sifa: hakuwahi kuacha fujo ya bomba ipite bila kujibiwa. Mpango ukawa hivi. Alhamisi jioni, kwaya ikishaanza mazoezi kule chini, Musyoka apige hita yake kwa sufuria, kijiko, kiatu, jogoo, chochote alicho nacho, mpaka Mama Sifa apandwe na hasira, ang'oe blanketi ili amjibu. Blanketi likitoka tu, Musyoka anyamaze ghafla, na Mama Sifa atasikia kwaya yake ikiimba na shimo katikati. Tulijiona magwiji. Majenerali wa vita wamewahi kupewa sanamu kwa mipango mibovu zaidi ya huo.

Alhamisi ilifika. Nilikaa mezani na kitabu, nasubiri kelele kutoka juu. Mama Sifa alikuwa upande wa pili anachambua maharage kwenye ungo, sufuria nyingine kubwa ya maharage tayari inachemka jikoni, kubwa mno kwa watu watatu, lakini wakati ule sikuliwaza hilo. Musyoka akaanza. Ilikuwa kama gari la makopo limeporomoka kutoka mawinguni. Kelele ilijaa chumba, vikombe vikatetemeka, na mimi nikashtuka, kwa sababu blanketi zito namna ile lilipaswa kuimeza nusu. Nikageuza macho. Hita ilikuwa uchi. Blanketi lilikuwa limekunjwa vizuri juu ya kiti, na kamba imewekwa juu yake. Alikuwa amelitoa mwenyewe, kabla yetu, na hakuniambia, na mimi nimekaa naye chumba kimoja tangu nitoke kazini sijaona. Mama Sifa aliinua uso wake polepole kuelekea darini, akachukua kijiko, akapiga hita pigo moja. Moja tu. Kelele, punguzeni. Musyoka akanyamaza kama mtu aliyekatwa umeme.

Na hapo kwaya ikapanda. Nilishangaa jinsi ilivyokuwa karibu. Mazoezi yao siku zote yalitufikia kwa mbali, kama watu wanaoimba ndani ya gunia. Jioni ile ilikuwa kama wamekaa chini ya meza yetu, namsikia mpaka anayevuta makamasi. Nikadhani ni kwa sababu blanketi limetoka. Waliimba ubeti wa kwanza, sawa. Wakaingia kiitikio, na mahali sauti ya pili inaposhuka peke yake ili kuwapokea wengine, yule binti mpya akateleza akaangukia sauti ya kwanza. Mama Debora akapiga makofi: "Tena." Wakarudia, akateleza palepale. "Tena." Sasa yule binti alikuwa na hofu, sauti inatetemeka, maskini, kosa si lake. Mama Sifa alikuwa anachambua. Jiwe huku, harage kule. Mdomo wake ulikuwa unatembea bila sauti. Mara ya tatu, kiitikio kilipofika pale kwenye shimo, aliweka ungo chini na akaimba.

Hakuimba kwa nguvu. Watu hudhani niliposema sauti yake ilitikisa jengo natia chumvi, na safari hii wamekosea, kwa sababu sisemi hivyo. Aliimba kama mtu anayemshika mtoto mkono kuvuka robot, zile taa za barabarani. Ilikuwa na ukwaru kidogo, ndiyo, ilikuwa imechoka, sauti ya mtu anayesimama mchana kutwa nyuma ya vichwa vya watu. Na ilishuka kwenye yale mabomba ikawakuta wale wa chini pale pale walipokuwa wanaanguka. Wakaendelea juu yake. Wakamaliza kiitikio. Nilijua kwamba si wa chini tu, ni ghorofa zote, watu wameshika pumzi na vijiko.

Ndipo Mama Debora akaongea. Hakumtaja mtu. Alikuwa anaongea na kwaya yake, mwalimu na wanafunzi wake, lakini alikuwa ameusogeza mdomo karibu na hita, niliisikia pumzi yake ikigusa chuma. "Mumesikia? Ile ndio sauti ya pili. Inaimbwaka vile. Na mutu mwenye alisema ile sauti imechoka, masikio yake ndio ilichoka, na mudomo yake pia. Sasa tuimbe tena, ya mwisho, na wote tuko."

Wakaimba, na wote walikuwako. Wimbo ulipokwisha Mama Sifa alijipangusa uso kwa kiwiko, akachukua kijiko tena, akanitazama kwa mara ya kwanza jioni ile, na akapiga hita. Mapigo mawili. Nilielewa sufuria. Kabla sijafunga kitabu, miguu ilikuwa imejaa kwenye ngazi: kwaya nzima ilipanda, na nyuma yake fundi viatu na mkewe, na Musyoka akishuka na kopo lake la maziwa chini ya kwapa, na Baba Sithole, ambaye alisema amekuja tu kuangalia kama kuna kuku. Mama Debora aliingia wa mwisho. Alisimama mlangoni. "Mama Sifa. Goti?" Mama Sifa akasema, "Inapona. Kaa, nikusuke, hiyo kichwa iko aibu." Alikaa sakafuni kati ya magoti yake, lile zima na lile lililokuwa linapona, na hakuna neno lingine lililosemwa kuhusu jambo hilo, si jioni ile wala mwaka ule wala mwingine. Maharage yaliisha. Watu walikula mpaka kitabu changu cha aljebra nikakifungia begini, kwa tahadhari. Rosettenville haikutajwa tena mpaka Sifa alipokuwa mkubwa na ngazi zilipokuwa kweli ngazi. Mwezi wa kumi na moja nilifanya mtihani wangu nikitokea kwenye meza ile ile, nimelala vizuri nyuma ya pazia langu, na nikafaulu masomo yote, hesabu kwa kishindo, yaani kwa alama moja juu ya mstari.

Miaka yote hii Musyoka na mimi tumekuwa tukijigamba, kila mmoja kwa mkewe, kwamba sisi ndio tuliowapatanisha. Kwa hiyo juzi, sahani zikiwa bado tupu, Musyoka akasimama katikati ya sebule akaanza kuwasimulia vijana: gololi, jogoo, sufuria, mpango wetu. "Kama tungewaacha, hawa wangekuwa maadui mpaka leo!" Sifa alimrudishia Mama Debora maneno hayo sikioni kwa kelele, na yule bibi akaanza kile kicheko chake cha mabega. Akainua mkono. "Mabomba walikwisha kung'oa," akasema, "basi sheria pia imekufa, ninaweza kusema. Nyinyi wawili mulikuwa mafala. Mutu anapata goti usiku moja? Nilijua kesho yake asubuhi kama alisikia. Siye tulikuwa tunaimbiaka ku salon, pa kupokelea wageni, upande ingine. Chumba yetu ya kulala ndio ilikuwa chini ya meza ya Mama Sifa. Sasa ile Alhamisi, mulizani ni kwa nini niliingiza kwaya muzima mu chumba ya kulala? Batu balikaa juu ya kitanda, juu ya kabati, bwana yangu alisimama mu dirisha! Nilisema, tutaimba hapa mpaka atachoka kunyamaza."

Musyoka akakaa chini. Mimi nikaliona tena akilini lile blanketi, limekunjwa, na kamba juu yake, na ile sufuria kubwa ikichemka kabla wimbo haujaanza. Nikamtazama Mama Sifa aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na aproni yake, nikasubiri naye aseme. Sheria imekufa, mabomba yameenda kuuzwa chuma chakavu, binti amehitimu, nini tena cha kuficha? Sebule nzima ilimgeukia.

"Chumba gani?" akasema. "Mimi sikusikia kitu."

Kisha akachukua kijiko cha kupakulia, akanyoosha mkono kwenye nondo za dirisha, akagonga mara mbili. Vijana walibaki wanatazamana. Musyoka na mimi tulikuwa tayari tumesimama na sahani zetu, lakini Mama Debora, asiyesikia hata salamu, alikuwa ametutangulia jikoni.